Nyuki Mdogo Tu

Siku moja mwezi uliopita nilikuwa nimesimama kituoni nikisubiri basi. Jua lilikuwa la utosi na jasho lilikuwa likinitiririka. Mdudu mmoja, mdogo kuliko punje ya mchele, akatua juu ya mkono wangu, akaanza kulamba. Nikainua mkono wa pili ili nimpige. Mama mmoja aliyekuwa akiuza machungwa pale pembeni akaniwahi.

"Mwache, baba," aliniambia. "Huyo hana neno. Anataka chumvi tu."

Nikamwuliza, "Anaitwaje huyu, mama?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la punje ya mchanga. "Ah! Nyuki mdogo tu."

Mdudu yule akalamba hata akatosheka, kisha akaenda zake. Basi likaja, nami nikapanda. Lakini maneno yale, "nyuki mdogo tu", nilipanda nayo, na leo nataka tuyazungumze. Nimegundua kwamba ndani ya maneno hayo mna jambo kubwa kuliko mdudu mwenyewe.

Wataalamu wa wadudu wanalo kundi kubwa la nyuki ambalo wanaliita nyuki wa jasho. Wamepewa jina hilo kwa sababu wengi wao hupenda kutua juu ya ngozi ya mtu anayetoka jasho, wakatafuta chumvi na maji. Hawa si nyuki wa asali. Hawana mzinga wala nta ya kupeleka sokoni. Wengi wao huchimba vijishimo ardhini, wakaweka humo chavua ya maua, juu yake wakataga yai, basi. Duniani kote zimekwisha kutambuliwa aina zaidi ya 4,000 za kundi hili peke yake. Ukijumlisha nyuki wa makundi yote, aina zinapita 20,000. Sisi tulio wengi tunajua mbili: yule anayeuma, na huyu mdogo.

Na hata yule wa kituoni, ndugu zangu, siwezi kuapa kwamba alikuwa wa jasho. Wako nyuki wengine wadogo wasio na mwiba, wale ambao asali yao hutafutwa kwa dawa, nao vilevile hupenda jasho la mtu. Nilimwona kwa macho yangu, alinilamba mkono, na bado sikumjua. Hapo ndipo nilipoona kwamba kumwona kiumbe ni jambo moja, na kumtambua ni jambo jingine kabisa.

Sasa naomba nifuateni mbali kidogo, mpaka visiwa vya Fiji, katika Bahari ya Pasifiki. Fiji ni nchi ya visiwa zaidi ya 300, vingi vidogo na vichache vikubwa. Kisiwa kikubwa kuliko vyote kinaitwa Viti Levu. Ni nchi ya joto na ya minazi, ina miwa na mihogo, na ina milima katikati. Mkaaji wa Tanga au wa Pemba angefika huko asingehisi ugeni mkubwa.

Katika visiwa hivyo wako nyuki wa jasho wa jenasi inayoitwa Homalictus. Ni wadogo sana, na wengi wao wanang'aa kama chuma kilichosuguliwa: huyu wa kijani, yule wa dhahabu, mwingine mweusi. Kwa miaka mingi vitabu vilisema kwamba wenyeji hasa wa Fiji katika jenasi hiyo ni aina nne tu. Mmoja wao, Homalictus fijiensis, yuko karibu kila mahali katika nchi ya chini, mashambani na kandokando ya barabara. Mtu akimwona nyuki mdogo Fiji, kwa kawaida ni huyo. Kwa hiyo, yeyote aliyeokota nyuki mdogo anayemetameta alikuwa na jibu tayari mfukoni, sawa na lile la mama wa machungwa.

Kisha wakatokea watu ambao hawakuridhika na jibu hilo. Walikuwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Flinders na wa Makumbusho ya Australia Kusini, huko Adelaide. Kwa miaka kadhaa wakawa wanakwenda Fiji na nyavu zao, wanapanda milima, wanashuka, wanavizia maua. Mwaka 2019 watatu kati yao, James Dorey, Mark Stevens na Michael Schwarz, walichapisha matokeo. Aina mpya zilizoelezwa katika kazi hiyo ni 9. Jumla ikatoka 4 ikawa 13.

Sasa msikilizaji mwenye akili atauliza: nyuki hawa walikuwa wapi siku zote? Walikuwa pale pale. Hawakuumbwa mwaka 2019. Waliruka juu ya vichwa vya watu kabla ya meli ya kwanza ya Mzungu kuonekana. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa chini na kuwatenganisha.

Naomba niwaeleze kazi hiyo ya kutenganisha inavyofanyika, maana wengi wetu tunadhani mtaalamu hutupa jicho mara moja akasema huyu fulani, yule fulani. Sivyo.

Kwanza nyuki hunaswa kwa wavu. Akishakauka huchomwa pini nyembamba, na chini yake huwekwa kikaratasi. Juu ya kikaratasi hicho, kwa herufi ndogo za kusomwa kwa shida, huandikwa mahali aliponaswa, kimo cha mahali hapo kutoka usawa wa bahari, tarehe, na jina la aliyemnasa. Nyuki asiye na kikaratasi hana kazi. Ni mdudu aliyekufa, basi. Kikaratasi ndicho kinachomfanya kuwa shahidi.

Pili, huwekwa chini ya hadubini. Hapo rangi, ile ambayo mimi na wewe tungeitegemea, inakuwa shahidi mbaya. Nyuki wawili wa tumbo moja wanaweza kutofautiana rangi, na wawili wa koo mbali wakafanana. Kwa hiyo mtaalamu huacha rangi akatazama mambo madogo zaidi: vitobo vidogo vidogo kwenye uso na mgongo, vimekaa mbali au vimesongamana, mikunjo ya ngozi, umbo la taya, mishipa ya bawa, manyoya yanayobebea chavua. Kwa madume hutazama, samahanini kwa wale mlio mezani, umbo la viungo vya uzazi, kwani mara nyingi hicho ndicho kinachotofautiana waziwazi kati ya aina na aina.

Tatu, siku hizi kuna vinasaba. Huchukuliwa kipande kidogo cha mwili, mara nyingi mguu mmoja tu, na ndani yake husomwa sehemu fupi, ile ile kwa kila mnyama, yenye herufi kama 650. Njia hii ilipendekezwa mwaka 2003 na Paul Hebert wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada. Inafanya kazi kama alama za mistari zilizobandikwa kwenye pakiti za dukani: ukisoma mistari unajua ni sabuni gani, hata kama pakiti zinafanana. Lakini mistari peke yake haitoshi. Vinasaba vikisema hawa wawili ni tofauti, mtaalamu hurudi kwenye hadubini akatafute tofauti hiyo mwilini. Mashahidi wakikubaliana, ndipo hutolewa jina. Na nyuki mmoja huchaguliwa, huhifadhiwa makumbusho, akawa kipimo cha aina hiyo kwa vizazi vyote vijavyo, kama ratili ya serikali inayotumika kukagulia mizani za sokoni.

Ni kazi ya subira, ndugu zangu, na haina makofi. Hakuna anayeshangiliwa uwanjani kwa kuhesabu vitobo kwenye uso wa nyuki.

Basi kazi hiyo ilipokwisha Fiji, likaonekana jambo ambalo hakuna aliyeweza kuliona wakati wote wakiitwa nyuki mdogo tu. Nyuki hawa hawakutapakaa ovyo. Nchi ya chini, yule Homalictus fijiensis ametawala. Lakini wengi wa wale wengine wako juu milimani, kwenye kimo cha mita 800 kwenda juu, penye ubaridi na mawingu. Na ardhi ya Fiji iliyo juu ya kimo hicho ni kama asilimia 2 tu ya nchi nzima. Yaani ukoo karibu wote umejibana juu ya vilele, kila kilele na watu wake.

Imekuwaje hivyo? Kwa maelezo ya watafiti, nyuki hawa ni wapenzi wa ubaridi, na tabia hiyo wameirithi hawaiachi. Zamani, katika vipindi ambavyo dunia ilikuwa na baridi kuliko sasa, ubaridi ulishuka mpaka chini, nao wakashuka pamoja nao. Mlima na mlima wakatembeleana. Dunia ilipopata joto wakarudi juu, kila kundi kwenye kilele chake, na bonde la joto likawa kama bahari kati yao. Waliotengana muda mrefu hawakuoana tena, wakawa aina mbalimbali. Kwa hiyo ndani ya kisiwa kimoja mna visiwa vingine, visiwa vya ubaridi, ambavyo havionekani kwenye ramani.

Hapa ndipo penye uchungu wa habari hii. Mmoja wa nyuki hao wapya alipewa jina la Homalictus terminalis. Amepatikana kwenye mlima mmoja tu, Mlima Batilamu, karibu na mji wa Nadi, ule ambao watalii wengi hushukia kwa ndege. Na kwenye mlima huo hakupatikana popote pale. Amepatikana ndani ya mita 95 za mwisho chini ya kilele. Jina lake lilichaguliwa makusudi, likiwa na maana ya kwamba amefika ukingoni.

Tufanye hesabu kidogo, hesabu ya shule ya msingi. Mtu akipanda mlima, joto hupungua kwa kiasi cha nyuzi 6 za Sentigredi kwa kila mita 1,000. Anayetoka Moshi mjini kwenda mteremko wa Kilimanjaro analijua hilo bila kufundishwa. Maana yake ni kwamba joto la dunia likiongezeka kwa nyuzi 1 tu, kiumbe anayetaka ubaridi ule ule aliouzoea inambidi apande mita 160 na ushei. Na dunia imekwisha kuongezeka joto kwa zaidi ya nyuzi 1 tangu karne ya 19. Sasa mwenzetu huyu ana mita 95 za kuishi. Akiambiwa apande 160, atapanda wapi? Juu ya kilele hakuna kilele kingine.

Nyuki huyu hana gari, hana kiwanda, hakuchimba makaa ya mawe. Wala watu wa Fiji wenyewe hawakuchangia moshi mwingi. Lakini wao ndio waliopigwa na kimbunga Winston mwezi Februari 2016, kikaua watu 44. Na ni waziri mkuu wao aliyekalia kiti cha mkutano wa dunia wa hali ya hewa uliofanyika Bonn mwaka 2017. Wanajua wanalolisema.

Lipo na jambo jingine lililofunuliwa na kazi hii ya utambuzi. Nyuki wengine wengi wanaoonekana Fiji, si wa jasho bali wa makundi mengine, ni wageni walioletwa na watu, wengine kwa makusudi, wengine wamejificha ndani ya mbao na mizigo. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini kama humjui mgeni wala mwenyeji, utajuaje kama mwenyeji anapona au anaumwa? Utatembea bustanini, utawaona nyuki wamejaa, utasema hapana shida. Kumbe waliojaa ni wageni, na wenyeji wamekwisha kuondoka kimyakimya.

Najua wako wanaosema moyoni: huyu bwana leo amekosa mazungumzo. Sisi tunahangaika na bei ya unga na nauli, yeye anatuletea nyuki wa Fiji. Hoja hiyo naiheshimu. Nina majibu mawili.

La kwanza ni la sokoni. Ua la nyanya na la bilinganya huificha chavua yake ndani ya vifuko. Nyuki wa asali hana ufundi wa kuitoa humo. Wako nyuki wa jasho ambao hulikumbatia ua, wakatetemesha misuli yao, na chavua ikamwagika kama unga kwenye chekecheke. Nyanya iliyotetemeshwa vizuri huzaa vizuri. Kwa hiyo huyu asiye na jina ana mkono wake ndani ya kikapu chako, hata kama hakukuletea asali.

La pili ni zito zaidi, nalo halihitaji Fiji. Liko nyumbani. Mwaka 1996, wakati wa maandalizi ya mradi wa umeme wa Kihansi, kwenye maporomoko ya milima ya Udzungwa aligunduliwa chura mdogo wa rangi ya manjano. Alikuwa akiishi kwenye eneo la hekta chache tu, lililoloweshwa na manyunyu ya maporomoko yale, na hajapata kuonekana penginepo duniani. Bwawa lilikuwa limekwisha kuanza kujengwa. Maji yalipogeuzwa kwenda kwenye mitambo, manyunyu yakakatika. Yakatafutwa mabomba ya kunyunyizia, chura wakapelekwa Marekani kutunzwa kwenye bustani za wanyama, zikatumika fedha nyingi. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba kwenye makazi yake ya asili chura huyo ametoweka. Mwaka 2010 wakaanza kurudishwa nchini, kwanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na baadaye bondeni kwao.

Wakati ule watu waliulizana: chura au umeme? Mimi nasema swali hilo lilichelewa. Umeme tuliuhitaji na tunauhitaji. Lakini kama bonde lile lingepekuliwa miaka 20 kabla, na chura yule akapewa jina lake mapema, wahandisi wangekaa mezani na habari hiyo mkononi kabla ya kuchora mchoro wa kwanza. Pengine isingekuwa chura au umeme. Ingekuwa chura na umeme, kwa gharama ndogo. Kumtambua kiumbe ni kazi ya wavu, pini, kikaratasi, hadubini na kijana aliyesoma. Kumrudisha aliyetoweka ni kazi ya mamilioni, na mara nyingi haiwezekani kwa fedha yoyote.

Na milima tunayo. Usambara, Uluguru, Udzungwa, na Taita kwa jirani zetu wa Kenya, ni visiwa vya ubaridi kama vile vya Fiji. Kila mmoja una ndege, vyura, mimea na wadudu wasiopatikana kwingine. Huenda hata nyuki wadogo wako huko, kila mlima na wake. Nani anawahesabu? Tunao vijana waliosomea elimu ya viumbe ambao wanatafuta kazi yoyote mjini. Tunazo makumbusho zenye kabati. Kazi hii haitaki mitambo ya kuagiza kwa meli. Inataka mishahara midogo inayolipwa kwa wakati, na viongozi wanaojua kwamba hesabu ya mali huanza kwa kujua ulicho nacho. Hakuna mwenye duka anayekubali kufunga hesabu za mwaka bila kuhesabu bidhaa. Sisi tunafunga mwaka baada ya mwaka, na ghala hatujaingia.

Simlaumu yule mama wa machungwa. Yeye alimwokoa nyuki nami nilitaka kumwua, kwa hiyo kati yetu wawili aliyestahili kusomeshwa ni mimi. Alijua kwamba mdudu yule haumi, na alijua anachokitafuta. Huo ni mwanzo wa elimu. Kilichobaki ni cha sisi tulioketi darasani miaka mingi kwa kodi yake: kumaliza sentensi aliyoianza. Yeye amesema nyuki mdogo. Sisi tuondoe lile neno "tu", tuweke jina mahali pake.

Kwa maana kiumbe asiye na jina akipotea hakuna anayetoa tangazo. Hakuna anayeuliza ameonekana mara ya mwisho wapi. Nyuki wa Mlima Batilamu ana mita 95 na huenda asifike mbali. Lakini walau ana jina, na siku akikosekana, dunia itajua ni nani aliyekosekana.